MANENO YA KARAKANA YA CHUMA NA MASHINE ZA KUKATIA KWA KOMPYUTA
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Wakulima wa pamba wa kandokando ya Ziwa Victoria waliingia katika ushirika kwa mlango wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lalamiko lao kubwa lilikuwa kwamba mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma, na ndiye aliyeandika, ilhali mwenye mali alisimama pembeni akingoja kuambiwa. Vyama vilivyozaliwa na lalamiko hilo viliungana mwaka 1955 vikawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lenye makao yake Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Leo mwanachama anaifahamu mizani ya pamba barabara, na akiona imechezewa hatanyamaza. Lakini iko mizani nyingine ambayo mbele yake wengi bado husimama pembeni wakingoja kuambiwa, nayo ni ile ya karakana ya chuma.

Vyama huagiza kazi za chuma kila mwaka. Huyu anataka milango ya ghala, huyu vitako vya nguzo za banda la kupokelea mazao, huyu fremu ya mizani, tela la trekta au, kwa vyama vya wavuvi, majiko ya kukaushia samaki. Zamani kazi hizo zilikatwa kwa msumeno wa chuma, tindo na moto wa gesi, na katibu aliweza kusimama kando ya fundi akaona kwa macho kinachokatwa na kinachobaki. Siku hizi baadhi ya karakana hukata kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Fundi hukaa mbele ya kioo, bamba hulazwa juu ya meza, na tochi hutembea yenyewe. Kazi hutoka haraka na safi, lakini sehemu kubwa ya maamuzi yanayohusu fedha za chama hufanyika ndani ya kompyuta kabla cheche ya kwanza haijaruka. Katibu asiyejua maneno yanayotumika humo hawezi kuuliza swali, na asiyeweza kuuliza swali hutia sahihi tu.

Neno la kwanza ni BAMBA. Mafundi huliita shiti likiwa jembamba na pleti likiwa nene. Bamba linalopatikana kwa wingi madukani ni lile linaloitwa la futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Lipo pia lenye milimita 2500 kwa 1250. Kwa macho mabamba hayo mawili yanafanana, na watu wengi huyachukulia kuwa kitu kimoja. Si kitu kimoja, kama hesabu itakavyoonyesha hapa chini.

Neno la pili ni UNENE, na hapa hapana budi kuonya juu ya GEJI. Geji ni namba ya unene wa bati, na huenda kinyume na matarajio ya wengi: namba ikikua, bati huwa jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Fauka ya hayo, yako majedwali zaidi ya moja ya geji. Geji 16 katika jedwali la Kiingereza ni milimita 1.63 hivi, na katika jedwali la Kimarekani ni milimita 1.52 hivi. Kwa hiyo mkataba usiandike geji peke yake. Uandike milimita, na siku ya kupokea kazi unene upimwe kwa kalipa, kwa maana futikamba haiwezi kupima sehemu ya kumi ya milimita.

Unene ukijulikana, uzito haufichiki. Chuma cha kawaida chenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 7.85. Hiyo ndiyo namba moja ambayo katibu anapaswa kuiandika ndani ya jalada la daftari lake. Bamba la 2440 kwa 1220 lina eneo la mita za mraba 2.98 kwa kukadiria. Likiwa na unene wa milimita 3 litakuwa na kilo 70, na likiwa na milimita 10 litakuwa na kilo 234. Karakana ikileta hati ya madai yenye kilo, kilo hizo huweza kuhakikiwa mezani kwa penseli, hata kama hakuna mizani inayoweza kubeba mzigo huo.

Baada ya bamba huja MCHORO. Mchoro wa karatasi uliochorwa na mhandisi hauingii katika mashine; hapana budi uchorwe upya ndani ya kompyuta kwa programu za aina iitwayo CAD, na kuhifadhiwa kama faili. Faili linalotumika sana kupeleka michoro ya kukata kutoka ofisi moja hadi nyingine ni lile la DXF. Faili hilo lina kasoro moja inayojulikana: aghalabu hubeba namba bila kubeba kipimo chake. Mchoraji akiandika 12 akikusudia inchi, mashine inaweza kusoma milimita 12, na inchi moja ni milimita 25.4. Makosa makubwa kama hayo hugunduliwa mapema kwa kuwa kipande hutoka kama kifungo cha shati. Kosa la hatari zaidi ni la KIPIMIO, pale ambapo mchoro umepunguzwa nusu ili uenee kwenye karatasi, kisha mtu akapima karatasi kwa rula badala ya kusoma namba zilizoandikwa. Sheria ya karakana zote nzuri ni kwamba mchoro husomwa, haupimwi.

Kila kipande katika mchoro hupewa NAMBA YA KIPANDE. Jambo hili si la kompyuta, bali ni la kale, na watu wa ziwa wana mfano wake mkubwa. Meli ya Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow. Iliunganishwa kwanza kwa bolti, vipande vyake vikatiwa alama, kisha ikafumuliwa na kusafirishwa hadi Kisumu, ambako ilijengwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Kama bamba moja lingekosa alama yake, mafundi wa Kisumu wangekuwa na chuma kisichojua mahali pake. Ghala la chama ni dogo kuliko meli, lakini siku ya kusimamisha nguzo, kipande cha kushoto kilichochanganywa na cha kulia huwasimamisha vibarua wote, na vibarua hulipwa kwa siku.

Neno linalofuata ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote. Ni UPANGAJI, ambao mafundi wa kompyuta huuita nestingi. Fundi cherehani anapokata shati hapigi mkasi katikati ya kitambaa. Hulaza kwanza mikono, kola na mifuko, akageuza hiki na kusogeza kile mpaka kitambaa kienee. Upangaji wa chuma ni huohuo. Programu huvilaza vipande juu ya picha ya bamba na kutafuta jinsi vitakavyoenea vingi bila kugongana. Kati ya kipande na kipande, na kati ya kipande na ukingo wa bamba, huachwa NAFASI, kwa sababu moto wa kukatia hula chuma na kukipasha joto. Vipande vikibanana sana hupinda.

Chukuliwe mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya somo. Chama kinajenga mabanda mawili ya kupokelea pamba, kila moja lina nguzo 16. Kila nguzo inahitaji kitako cha chuma cha milimita 300 kwa 300, chenye unene wa milimita 10 na matundu manne ya bolti. Jumla ni vitako 32. Karakana huacha nafasi ya milimita 8 pande zote. Bamba lililopo ni la 2440 kwa 1220.

Katibu wa mfano huu si mvivu. Anakaa na penseli na kugawa: 2440 kwa 300 ni nane na zaidi kidogo, 1220 kwa 300 ni nne na zaidi kidogo, nane mara nne ni 32. Anaiambia halmashauri kwamba bamba moja latosha. Wiki moja baadaye karakana inaleta hati ya mabamba mawili. Katibu anakwenda mjini kwa hasira.

“Fundi, mbona umenihesabia mabamba mawili? Vitako 32 vinaenea kwenye bamba moja.”

“Vinaenea kwenye karatasi yako, Ndugu Katibu. Njoo uone kwenye kioo.”

Fundi ana haki. Kila kitako, pamoja na nafasi yake ya milimita 8, kinahitaji milimita 308, na bado inatakiwa nafasi nyingine ya milimita 8 kwenye ukingo wa mwisho. Kwa urefu wa 2440 vinaenea saba, wala si vinane. Kwa upana wa 1220 vinaenea vitatu, wala si vinne. Bamba moja linatoa vitako 21 tu, na 11 vilivyosalia vinadai bamba la pili.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo maneno yanapoleta faida. Kama katibu angaliuliza swali moja tu, “Je, mnalo bamba la 2500 kwa 1250?”, hesabu ingalibadilika kabisa. Kwa urefu wa 2500 vinaenea vinane. Kwa upana wa 1250 vinaenea vinne. Vitako vyote 32 vinatoka katika bamba moja. Mabamba mawili ya 2440 yana kilo 467. Bamba moja la 2500 lina kilo 245. Vitako vyenyewe, bila kutoa matundu, vina kilo 226. Katika njia ya kwanza mabaki ni kilo 241, yaani zaidi ya nusu ya chuma kilicholipiwa. Katika njia ya pili ni kilo 19. Ikiwa bei, kwa mfano tu wa hesabu, ni shilingi 4,000 kwa kilo, tofauti ni shilingi 888,000. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Fedha zimepotea katika milimita 60 za urefu na 30 za upana.

Njia ya tatu ni kupunguza kitako kiwe cha milimita 295, na hapo hata bamba la 2440 latosha kwa vyote 32. Njia hii huwavutia sana watu wanaopenda kubana matumizi. Isitumiwe na katibu wala na fundi kwa uamuzi wao. Kitako hubeba nguzo, nguzo hubeba paa, na chini ya paa wamesimama wanachama na pamba yao. Aliyechora jengo ndiye pekee anayeweza kukubali kwa maandishi kwamba milimita tano hazina madhara.

Yafaa sasa kueleza kwa nini moto hula chuma. Seremala akipasua ubao, unga wa mbao unaoanguka chini ulikuwa sehemu ya ubao. Tochi nayo hivyo hivyo: upana wa chuma unaoyeyuka na kupotea huitwa ULAJI WA MKATO, au kefu kwa lugha ya mafundi. Leza hula kidogo sana, aghalabu chini ya nusu milimita. Plasma, ambayo ni hewa iliyopashwa umeme mpaka ikawa kali kuliko moto wa kawaida, hula milimita moja na nusu hadi tatu kwa kadiri ya unene wa bamba. Moto wa gesi ya oksijeni hukata mabamba manene vizuri, lakini haukati aluminiamu wala chuma kisichoshika kutu. Kazi hizo zataka plasma au leza.

Kwa kuwa tochi hula, haiwezi kutembea juu ya mstari wenyewe. Programu huisogeza nje ya mstari kwa nusu ya ulaji pale inapokata ukingo wa kipande, na ndani ya mstari kwa nusu hiyohiyo pale inapokata tundu. Marekebisho hayo huitwa FIDIA YA MKATO. Fundi akisahau kuiweka, na ulaji ukiwa milimita 3, kitako cha 300 hutoka kikiwa 297, na tundu la 22 lililokusudiwa bolti ya 20 hutoka likiwa 25. Angalia kwamba kosa moja limepunguza kipande na kupanua tundu kwa mara moja. Katibu anayepokea kazi na kupima ukingo peke yake hataona hatari iliyo kwenye matundu, ambako bolti itachezacheza. Kwa hiyo apime vyote viwili.

Tochi haianzi kazi pembezoni mwa kipande. Hutoboa kwanza bamba mahali patakapotupwa, na mahali hapo huitwa TOBO LA KUANZIA. Kutoka hapo huteleza hadi kwenye mstari kwa njia fupi iitwayo MWINGILIO. Sababu ni kwamba wakati wa kutoboa chuma hurukaruka na kuacha kovu. Kovu likiwa ndani ya taka halimdhuru mtu. Kipande chenye kovu kwenye ukingo wake kinaonyesha kwamba mwingilio haukuwekwa au uliwekwa upande usiofaa. Kila tobo pia hula mdomo wa tochi, ambao ni kifaa cha kubadilishwa, na ndiyo maana karakana nyingine hutoza kwa idadi ya matobo pamoja na urefu wa mkato. Katibu asishangae kuona mstari wa namna hiyo katika hati ya madai, lakini anayo haki ya kuomba idadi yake.

Uko pia UTARATIBU WA KUKATA. Matundu ya ndani hukatwa kwanza, na ukingo wa nje mwisho. Ukingo ukitangulia, kipande hulegea na kusogea mezani, na matundu hukaa kombo. Pengine programu huacha VISHIKIZO, yaani nyuzi ndogo za chuma zinazokishika kipande kisianguke, ambazo fundi huzikata baadaye kwa grainda. Katika plasma ya kawaida upande wa kulia wa mwendo wa tochi ndio unaotoka mnyoofu, na wa kushoto hutoka umelala kidogo. Kwa sababu hiyo ukingo wa nje hukatwa kwa kufuata mwendo wa saa, na tundu kinyume cha mwendo wa saa. Katibu hahitaji kukumbuka hili lote. Yatosha ajue kwamba tundu lenye mdomo mpana juu na mwembamba chini si jambo la kudra.

Chini ya mkato huganda matone ya chuma kilichoyeyuka. Wazee wa Uzinza, nchi ya Warongo waliofua majembe yaliyouzwa mpaka Usukuma kabla ya reli kufika, wangelitambua mara moja: ni MAVI YA CHUMA. Yakiwa kidogo hung'olewa kwa tindo. Yakiwa mengi na magumu, mwendo wa tochi haukuwa sawa, na mkataba useme wazi nani atayasafisha, kwa maana rangi haishiki juu yake na kutu huanzia hapo. Kando ya ziwa kutu haingoji.

Maamuzi yote yakiisha, programu nyingine iitwayo CAM huyafasiri kuwa lugha ambayo mashine yenyewe, yaani CNC, inaielewa. Lugha hiyo huitwa KODI YA G. Ni mistari ya herufi na namba: G00 ni amri ya kusogea haraka bila kukata, G01 ni kwenda kwa mstari mnyoofu, G02 na G03 ni kuzunguka kwa tao, ya kwanza kwa mwendo wa saa na ya pili kinyume chake. Kabla ya kukata, fundi mwangalifu huendesha JARIBIO LA KIOO, ambalo tochi hutembea katika picha tu. Katibu akiwapo karakana wakati huo, aombe kulitazama. Ni dakika chache, na kosa linaloonekana kwenye kioo halijagharimu chuma.

Kwa vipande vinavyokunjwa, kama pembe za milango, liko neno moja la lazima: UREFU WA BAPA. Pembe yenye mabawa mawili ya milimita 100 kila moja, kwa kupima nje, haitokani na ukanda wa milimita 200. Kwa bamba la milimita 3 hutokana na ukanda wa 195 hivi, kwa sababu chuma hunyooka kidogo kwenye kona. Chama kilichokata ukanda wenyewe ili kuokoa fedha, kisha kikaupeleka ukakunjwe, hupata mlango usioingia katika fremu.

Hakuna mashine inayokata sawasawa kabisa. Mkataba hutaja RUHUSA YA TOFAUTI, huandikwa kwa alama ya kujumlisha na kutoa. Kipimo cha 300 chenye ruhusa ya 1 maana yake ni kwamba kipande chochote kati ya 299 na 301 kinakubalika. Mkataba usipotaja ruhusa, kila upande una ruhusa yake kichwani, na ugomvi hauna mwamuzi.

Imebaki hati moja, ambayo kwa thamani yake ingalistahili kutajwa mwanzoni. Programu ya upangaji ikimaliza kazi hutoa RIPOTI YA UPANGAJI. Ndani yake mna picha ya bamba na vipande vilivyolazwa, ukubwa wa bamba, idadi ya vipande, urefu wa mkato, idadi ya matobo, na asilimia ya bamba iliyotumika. Ripoti hiyo ni kurasa moja au mbili, na karakana huichapisha bila taabu ikiombwa. Iombwe kabla ya kukata, itiwe sahihi na pande zote mbili, na ihifadhiwe pamoja na hati ya madai na stakabadhi. Mkaguzi wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika anapofungua jalada la ujenzi hawezi kuona chuma kilichokatwa miezi minane iliyopita, lakini karatasi ataiona.

Ripoti ndiyo inayoonyesha pia MABAKI, na juu ya mabaki vyama vingi havina msimamo. Katika mfano wa vitako, bamba la pili la 2440 lilitoa vitako 11 tu. Nusu yake nzima, kama mita 1.2 kwa 1.2, ilibaki bila kuguswa, nayo ina kilo 115. Hiyo si taka, ni bamba. Ikiwa chama kimelipa kwa kilo za bamba zima, mabaki ni mali ya chama na yaingizwe katika daftari la vifaa. Ikiwa kimelipa kwa kilo za vipande vilivyokwisha, mabaki ni ya karakana na bei ya kilo huwa kubwa zaidi. Njia zote mbili ni halali. Isiyofaa ni kulipa kwa njia ya kwanza na kuondoka kwa njia ya pili, jambo linalotokea kwa urahisi pale mkataba unapoandika neno “chuma” bila kusema ni chuma kipi.

Mwisho wa mfano ule ni mkutano mkuu. Vitako 32 vimekwisha kufungwa, mabanda yamesimama, na Mwenyekiti anasoma taarifa ya ujenzi. Mama mmoja mtu mzima ananyoosha mkono.

“Ndugu Mwenyekiti, mimi nauliza kidogo tu. Imesomwa kwamba tulilipia kilo 467 za vitako. Vitako nimeviona, ni hivi hapa. Vina kilo ngapi?”

Katibu anazo risiti zote na hakuchukua kitu. Lakini hana uzito wa kitako kimoja, hana ripoti ya upangaji, na hajui nusu bamba iko wapi. Anasimama na kusema kwamba mashine za kompyuta ndivyo zinavyohesabu. Mkutano unanong'ona. Katika hali hiyo mtu mwaminifu na mwizi hujibu kwa sauti moja, na wanachama hawana njia ya kuwatenganisha.

Zoezi la kikundi. Chama cha wavuvi kinataka vibao vya chuma vya milimita 250 kwa 200, unene milimita 6, kwa ajili ya vichanja vya kuanikia dagaa. Bamba ni la 2440 kwa 1220 na nafasi ni milimita 8 pande zote. Kikundi kitafute vibao vinavyoenea katika bamba moja vikilazwa vyote upande mmoja, uzito wa kibao kimoja, na uzito wa mabaki. Kikundi kitakachopata vibao 44 kivigeuze na kuhesabu tena.